Ndege zilijaa mizigo kila siku: kwa nini kampuni ya baba mdogo ilikufa?

Binti wa Himbi (Goma)

Jambo kwenu nyote. Ninaomba msaada wa watu waliofanya kazi katika uwanja wetu wa ndege wa Goma, au waliopakia mizigo yao pale, kati ya mwaka 2004 na 2011.

Baba yangu mdogo, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mbia katika kampuni ndogo ya ndege za mizigo za kukodi. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu wabia wenzake wangali hai na sitaki kumshtaki mtu. Ili aweze kuingia katika biashara hiyo, familia iliuza kiwanja chetu kimoja cha Himbi, kilichokuwa karibu na ziwa. Walianza mwaka 2004 kwa Let L-410 moja (ndege ndogo ya motori mbili) waliyoikodi pamoja na marubani wake kutoka Ulaya ya Mashariki, na baada ya miaka miwili wakachukua ndege ya pili ya aina hiyo hiyo kwa malipo ya polepole. Asubuhi ndege ziliondoka zikiwa na sukari, chumvi, sabuni, mchele na kreti za bia kwenda Walikale, na mchana zilirudi na magunia ya kasiteriti, yaani mawe yanayotoa bati. Mimi nilikuwa shule ya msingi, lakini nakumbuka jinsi baba mdogo alivyofika nyumbani jioni na noti zimefungwa kwa raba, akazihesabu mezani mbele yetu bila kuficha chochote.

Kisha ndege moja ilisimama, ya pili ikasimama, na kufikia katikati ya mwaka 2011 hapakubaki kitu.

Katika familia yetu yako maelezo mawili tu. Wengine wanasema alikula pesa, na wengine wanasema alirogwa na washindani. Bibi alifariki akiamini lile la kwanza. Tangu Januari 2025, ndege za kibiashara zilipoacha kutua Goma, anga iliyo juu ya nyumba yetu imekuwa kimya, na nadhani ni kimya hicho kilichorudisha maneno ya zamani, kwa kuwa katika kikao cha mwisho cha familia shutuma zile zilirudiwa mbele ya watoto wake. Daftari lake la hesabu ninalo mimi. Swali langu ni hili: inawezekana kampuni ambayo ndege zake zinajaa kila siku ikafa bila mtu kuiba?

Fundi wa Motori (Goma)

Binti yangu, inawezekana kabisa, na mimi nimeishuhudia ikitokea zaidi ya mara moja. Nilikuwa fundi wa ndege uwanjani hapo tangu siku za Zaire, na kampuni unayoielezea inafanana na nyingine nyingi zilizopita mikononi mwetu, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Kwanza uelewe kwa nini ndege zilijaa. Kutoka Goma hadi Walikale kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200 za matope, vizuizi na daraja zilizovunjika, na lori lingeweza kukwama kwa majuma. Kwa ndege ni kama nusu saa. Tangu mwaka 2004 hivi bei ya bati, yale madini ya kulehemu vifaa vya umeme, ilikuwa imepanda duniani, na kule Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, palikuwa na kasiteriti nyingi mno. Wabebaji waliitoa migongoni, gunia la kilo 50 mtu mmoja, wakapita msituni hadi barabarani, kisha mzigo ukapelekwa Kilambo. Kilambo hapakuwa na uwanja wa ndege. Ni kipande cha barabara ya lami kilichonyooka: magari yalisimamishwa, ndege ikatua, ikapakia huku motori moja ikiwa bado inazunguka, ikageuka na kuondoka. Mtu ambaye hajawahi kusimama pale hawezi kufahamu ujasiri wa wale marubani, wala mateso ya magurudumu yao.

Sasa tuje kwenye ndege yenyewe. Let L-410 ya aina ya UVP-E imeruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 6,400 kwa jumla. Toa uzito wa ndege, toa marubani wawili, toa mafuta ya kwenda, ya kurudi na ya akiba (kwa sababu msituni hakuna mtu wa kukuuzia mafuta ya ndege), na kinachobaki kwa mzigo ni kama tani moja na nusu. Hiyo ndiyo biashara yote. Mwenye kampuni anapoambiwa kwamba faida iko katika magunia machache ya mwisho, anaanza kusema, "Ongeza mawili tu." Goma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua la saa saba linaifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo motori hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zote hata ndege ikiwa na uzito wa halali. Ukiongeza magunia mawili, hutaona madhara siku hiyo. Utayaona baada ya mwaka, fundi atakapofungua motori na kukuta mapanga ya ndani yameungua.

Jambo linalowapita wengi ni saa za motori. Motori ya ndege ina idadi ya saa iliyopangiwa, na zikitimia, lazima itolewe, ipelekwe kiwandani, ifunguliwe yote na kurudishiwa uhai. Kwa zile za Let, maana yake ni kuisafirisha hadi Ulaya na kulipa fedha nyingi sana kwa mkupuo mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba motori imebakiza saa 1,500. Goma na Kilambo, kwenda na kurudi, ni saa moja. Ukifanya safari tatu kwa siku, siku 25 kwa mwezi, umekula saa 75, na baada ya miezi 20 motori imekwisha. Katika miezi hiyo umeruka na kutua mara 3,000, na kila kuruka ni moto mkubwa ndani ya motori, na kila kutua ni pigo kwenye miguu ya ndege. Safari ndefu ingekuletea saa zile zile kwa machovu madogo zaidi. Kwa hiyo njia iliyojaza mifuko haraka ndiyo iliyozichosha ndege haraka kuliko zote.

Zile noti alizozihesabu baba yako mdogo mezani zilikuwa halali. Ila sehemu kubwa ya noti hizo haikuwa faida. Ilikuwa ni motori yenyewe, ikiuzwa kidogo kidogo kila siku, na kama hakuna aliyemwambia atenge kiasi fulani kwa kila saa ya kuruka, asingeweza kujua. Wachache sana kati ya waliokuwa na kampuni za namna hiyo walijua. Walitoka katika biashara ya malori, ya ng'ombe au ya madini, na lori likiharibika unaweza kulitengeneza kando ya njia.

Tafuta katika daftari safu inayohusu saa za motori. Kisha utuambie kama ipo.

Kijana wa Birere (Goma)

Mzee Fundi amesema kweli, lakini tusiwasahau wenye bunduki. Bisie ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa brigedi ya 85 hadi mwaka 2009, na wengine wakaja baada yao. Kila gunia lililipiwa kabla halijaifikia ndege, na likifika Goma lilikutana na ofisi za serikali, kila moja na risiti yake. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpakiaji, na alisema gunia lilipofika kwenye komptua (ofisi ya wanunuzi wa madini) lilikuwa limekwisha kuwalisha watu kumi. Mwenye ndege naye alitozwa kodi ya kutua, kodi ya kuegesha ndege na nyingine ambazo hazikuwa na jina.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Jambo, binti, na pole kwa maneno ya familia, maana hayo huuma kuliko hasara.

Mimi nilikuwa nikipeleka bidhaa Shabunda kutoka uwanja wa Kavumu, na ninataka kueleza upande wa sisi wateja, kwa sababu naona hapo ndipo watu hupata neno "alikula pesa". Shabunda ni kama Walikale: barabara ni ya kusimuliwa tu, kwa hiyo chumvi, vitenge, dawa na hata misumari husafiri kwa ndege. Tulilipa kwa kilo. Mwanzoni nililipa siku ya kupakia, mzigo wangu ukapimwa mbele yangu, nikapewa hati, na siku iliyofuata mtu wangu wa Shabunda akanipigia simu kwamba umefika. Kazi ilikuwa safi.

Baadaye mwenye ndege alianza kutuomba arbuni. Alisema, "Mama, nilipe leo za juma lijalo, nitakupunguzia bei ya kilo." Tulifurahi, kwa sababu mfanyabiashara yeyote hupenda kupunguziwa. Hatukuuliza kwa nini mtu ambaye ndege yake inajaa anahitaji fedha za juma lijalo. Nimekuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba fedha zetu za juma lijalo zilikuwa zikinunua mafuta ya leo, na fedha za leo zilikwisha kulipa deni la juzi. Mchezo wa namna hiyo huendelea vizuri mradi ndege inaruka kila siku. Siku iliposimama kwa sababu ya kifaa kimoja tu kilichokuwa kikisubiriwa kutoka ng'ambo, tulijaa ofisini kwake wanawake zaidi ya ishirini, kila mmoja na karatasi yake, na hapakuwa na dola hata moja ya kurudisha. Nilipoteza mtaji wa miezi minne. Nilimwita mwizi, tena kwa sauti, mbele ya mke wake.

Leo nikisoma maelezo ya Papa Fundi ninaona kwamba yule bwana huenda hakuwa na nia ya kutuibia. Hilo halikunirudishia mtaji, lakini ningependa uliweke moyoni unaposoma daftari. Tazama kama kuna majina ya wafanyabiashara na fedha zilizopokelewa kabla ya mzigo. Kama yapo, angalia tarehe yalipoanza, kwa maana hiyo ndiyo tarehe ya ugonjwa. Kifo kilikuja baadaye.

Mhasibu wa Zamani (Lubumbashi)

Dada, niruhusu niongeze mambo mawili yanayotoka nje ya uwanja wa Goma. Huku Katanga tuna barabara ya Kasumbalesa na reli, kwa hiyo ndege za mizigo zilikuwa na maisha ya aina nyingine, lakini niliwahi kutunza vitabu vya kampuni iliyoruka kwenda Manono na Moba, na maradhi niliyoyaona ni hayo hayo.

La kwanza ni wateja. Mnamo Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya kampuni za ndege zilizopigwa marufuku, na karibu kampuni zote zilizosajiliwa Kongo ziliwekwa humo. Watu walidhani haituhusu, kwa kuwa hakuna ndege ya Kilambo iliyokuwa na nia ya kutua Bruseli. Ilituhusu sana. Mashirika ya misaada, ambayo yalikodi ndege nzima na kulipa kwa benki bila kuomba kupunguziwa, mengi hayakuweza tena kuwapandisha wafanyakazi wao katika ndege zetu, na kazi hiyo ikaenda kwa huduma za ndege kama UNHAS ya Umoja wa Mataifa na ECHO Flight ya Umoja wa Ulaya. Kampuni ndogo zikabaki na mteja mmoja: mwenye madini. Mteja mmoja ni sawa na nguzo moja ya nyumba.

La pili ni mwaka 2010 wenyewe. Mwezi wa Julai Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Mwezi wa Agosti ndege ya aina ya Let L-410 ilianguka Bandundu na kuua watu 20, na nakumbuka abiria walivyoanza kuuliza aina ya ndege kabla ya kulipa. Mwezi wa Septemba Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011, na hata ilipoondolewa, wanunuzi wakubwa walikuwa wameanza kukataa magunia yasiyo na lebo ya kuonyesha yalikotoka.

Fikiria hesabu ya ndege katika miezi hiyo sita. Sukari na sabuni za kwenda zililipa mafuta, na kasiteriti ya kurudi ililipa kila kitu kingine: marubani, fedha za ukodishaji, awamu za ndege ya pili, bima. Kasiteriti iliposimama, wachimbaji nao walikosa fedha za kununulia sukari. Mzigo wa kurudi ulikatika, na ule wa kwenda ukaufuata. Awamu za ndege ya pili hazikusimama, na marubani waliendelea kudai mishahara yao.

Kama daftari lina mwaka 2010, tazama ukurasa wa Oktoba.

Binti wa Himbi (Goma)

Wazee wangu, nimekaa na daftari siku mbili. Ninawaandikia huku mikono ikitetemeka.

Papa Fundi, safu ya motori haipo. Ziko safu za mafuta, marubani, uwanja, "wakubwa" (nadhani ni wale aliowataja ndugu wa Birere), chakula cha wapakiaji, na safu ya mwisho aliyoiita "yetu". Kwa miaka minne safu ya "yetu" ina namba nzuri. Kutoka humo alilipa ada zangu za shule, nami sikujua.

Mama, arbuni ya kwanza imeandikwa Februari 2008. Mwanzoni ni watu watatu, na kufikia mwisho wa mwaka 2009 wamejaza kurasa mbili.

Papa Mhasibu, ukurasa wa Oktoba 2010 una safari nne tu kwa mwezi mzima, wakati Oktoba ya mwaka uliotangulia ilikuwa na safari 61.

Yako maneno mawili nisiyoyaelewa. Kuanzia mwaka 2009 anaandika mara kwa mara "tumeazima kwa dada": "mguu wa kushoto, tumeazima kwa dada", "rafadha, tumeazima kwa dada" (rafadha ni lile panga linalozunguka mbele ya motori). Dada ni nani? Na nyuma kabisa ya daftari kuna orodha ya majina 31, kila moja na kiasi chake cha dola. Majina 19 yamekatwa kwa kalamu, na pembeni pana tarehe. Tarehe ya kwanza ni Agosti 2011, mwezi aliouza gari lake. Ya mwisho ni Novemba 2018.

Fundi wa Motori (Goma)

Binti yangu, dada ni ndege ya pili. Ndivyo tulivyosema uwanjani. Ndege moja ikikosa kifaa na fedha za kuagiza hazipo, unakitoa kwa dada yake, ukiamini utakirudisha mwezi ujao. Ukiisha kutoa mguu, kesho unatoa rafadha, kesho kutwa unatoa saa za kwenye dashibodi, na baada ya muda yule dada amekuwa ghala lenye mabawa. Wakati huo huo baba yako mdogo alikuwa akiendelea kulipa awamu za ndege hiyo isiyoruka. Uwanja wetu ulikuwa na madada wengi wa namna hiyo, waliosimama kando, karibu na lava ya mwaka 2002 iliyofunika sehemu ya njia ya kurukia, na watoto wa mtaani walizoea kuwachezea kabla hawajafukuzwa.

Kuhusu yale majina 31, sina la kueleza kama fundi. Mwenzangu wa Kadutu ataeleza.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Hao ni wateja waliotoa arbuni, binti. Alikuwa akiwarudishia.

Tarehe ya mwisho ni Novemba 2018, na wewe umesema alifariki mwaka 2019. Miaka saba mtu hana ndege, hana ofisi, na hakuna aliyempeleka mahakamani, naye bado anakata majina. Yule wa kwangu hakufanya hivyo, na wala simlaumu tena, lakini nilipoyasoma maneno yako nimelazimika kuweka simu chini kwanza.

Lipeleke daftari kwenye kikao cha familia, na watoto wake wakae mbele. Uanze na ukurasa wa nyuma, kisha urudi kwenye zile kurasa za Papa Fundi na Papa Mhasibu.

Binti wa Himbi (Goma)

Kikao ni Jumapili ijayo, na nitafanya hivyo hivyo. Asanteni sana, wazee wangu.

Mama, yamebaki majina 12 ambayo hayakukatwa. Kwa kuangalia maandishi, saba ni ya watu wa soko la Virunga hapa Goma, na matano yana neno "Bukavu" pembeni. Nadhani ni akina mama waliokuwa wakituma bidhaa kwa boti kupitia ziwani. Hawa wa Virunga nitaanza kuwatafuta mwenyewe. Hao watano nitawapataje?

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Majina yao usiyaandike hapa hadharani. Nitumie kwa faragha, pamoja na mwaka na aina ya mzigo kama imeandikwa. Sisi tuliokuwa tukituma bidhaa kwa ndege na kwa boti hatukuwa wengi, na walio hai bado wana meza sokoni au wamewaachia binti zao. Jumatatu nitapita kuwauliza.